Kioo Kilichoziba Hologramu

Kazini walimwita Mama Giza, maana kila chumba alichoingia alianza kwa kutafuta swichi ya taa na kuizima. Alikuwa mbunifu wa maonyesho kwenye jumba la makumbusho, na kazi aliyokuwa nayo ilipenda giza kuliko popo: kumwonyesha shangazi yake, opereta wa simu mstaafu, amekaa kwenye kiti kitupu mbele ya mitambo yake ya zamani, akiunganisha simu za watu.

Ujanja wenyewe haukuwa mkubwa. Runinga imelazwa sakafuni ikitazama juu, imefichwa na kizuizi. Juu yake kioo kikubwa kinachoonyesha ng'ambo, kama cha dirisha, kimesimamishwa kimshazari. Picha ya shangazi inagonga kioo, na anayesimama mbele, gizani, anaapa bibi yule yuko pale kitini. Ukisogea pembeni, humwoni. Ukiwasha taa, humwoni. Ila Mama Giza alipoomba ruhusa ya "picha inayoakisiwa kwenye kioo", wakubwa walipiga miayo. Akaiita hologramu, wakaipitisha kabla chai haijapoa.

Neno hilo ndilo lililomponza. Mkurugenzi, ambaye elimu yake yote ya hologramu aliipata kwenye filamu za vita vya angani, alitarajia mtu wa mwanga atakayekatiza katikati ya wageni akigawa vipeperushi.

"Atapeana mikono?"

"Hapana, bosi. Hatoki pale."

"Basi walau tumzunguke. Watu wampige picha kisogoni."

"Kisogo hana."

"Mama Giza, usiniletee utani. Mgeni rasmi asipomkubali, chumba hiki nakigeuza duka la fulana, na hayo madude yanarudi stoo."

Madude hayo, kwa mshahara wa shangazi, ndiyo yaliyomsomesha Mama Giza. Na shangazi alishawaalika wenzake wote wa zamani waje kuyaona yakipewa heshima.

Siku ya ufunguzi, Mama Giza alikwenda kumpokea shangazi getini, akamtangulia kurudi chumbani, maana bibi magoti yalikuwa yakimsumbua. Akakuta taa zote zinawaka na kioo kimeegemezwa ukutani koridoni. Mkurugenzi alikuwa anajifuta mikono kwa leso, ameridhika na nafsi yake.

"Nimewaambia vijana wakitoe," alisema. "Kilikuwa kinaziba hologramu. Sasa mwambie atokee." Akakimbilia ngazini kumpokea mgeni.

Kukirudisha kioo ilikuwa kazi ya nusu siku. Shangazi akaingia taratibu, akasikiliza mkasa wote, akavua kandambili.

"Hicho kiti kina mto?"

"Shangazi, hapana."

"Nimekikalia miaka yote hiyo, leo ndiyo kinishinde?" Akakaa, akavaa spika za masikioni, akaanza kuchomeka nyaya.

Mgeni rasmi akaingia na msafara wake. Akamzunguka, akapiga picha kisogoni.

"Hata mikunjo ya shingo mmeiweka."

"Teknolojia, mheshimiwa," Mkurugenzi alisema, kifua mbele.

Mheshimiwa akanyoosha kidole kulibonyeza shavu.

"Niko kwenye laini, baba," shangazi alisema bila kugeuka. "Subiri zamu yako."

"Kumbe inajibu?"

"Inajibu ikiulizwa kwa adabu."

Kule nyuma, maopereta wastaafu walikuwa wameng'ata mitandio wasiangue kicheko. Mheshimiwa akatangaza papo hapo, mbele ya waandishi wa habari, kwamba chumba hiki kitakuwa cha kudumu na mtu yeyote asikiguse.

Asubuhi yake kioo kilikuwa mahali pake na taa zimezimwa. Mkurugenzi akasimama mbele, akainamisha kichwa huku na huku.

"Imeshuka kiwango. Jana alikuwa na uhai."

"Jana alikuwa shangazi mwenyewe, bosi. Nilimrudisha nyumbani kwa teksi."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsamehe fundi mvivu.

"Usinifanye mtoto," alisema. "Sema tu hujaichaji."