Paa la Chuma kwa Gari la Bahati

Mwanangu, siku ile naikumbuka sawasawa. Bahati, rafiki yangu tangu shule ya msingi, alivuka mpaka wa Kavimvira akitoka Bujumbura na gari la michezo la zamani, jekundu, viti viwili, lililo wazi juu. Mjomba wake alimwachia. Mimi nilikuwa fundi wa bodi za magari, kijana mwenye mikono mizuri na baiskeli mbovu.

Jumapili akampandisha Furaha. Huyo Furaha, nilikuwa nikimpenda miezi mingi bila kumwambia. Walipita barabara ya ziwa, upepo ukivuta kitambaa chake, naye anacheka. Chakula kilinishinda siku hiyo. Wivu ni kidonda, mwanangu, ukiushiriki utakonda.

Mvua zilipokaribia, Bahati alikuja gereji. Turubai la kukunja la gari lake lilikuwa limechanika.

"Ndugu, unitengenezee paa ya chuma. Unaona itafaa?"

Jibu nililijua. Paa jepesi la kufungwa kwa bolti lingefaa: unalivika wakati wa mvua, unalivua kiangazi. Gari kama lile limeumbwa lipigwe na hewa. Ukilifunika moja kwa moja, umeliua.

"Itafaa sana," nikasema. "Niachie."

Kisha nikakata bati zito, la mraba, nikalichomelea kwenye bodi lisitoke tena. Gari likafanana na kuku aliyefunikwa kapu. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Mzee Sadoki, aliyenifundisha kazi, alilizunguka gari, akipapasa mishono.

"Nani alikuambia uchomelee?"

"Ni sababu ya mvua, mzee."

"Mvua haina mikono. Weye iko na wivu. Mukono wako haukosee hivi bila roho kuutuma. Umuambie Bahati mwenyewe, kabla hajakushukuru."

Nilichelewa. Bahati alifika, akalitazama, uso ukamsawijika. Hata hivyo akasema, "Aksanti, ndugu. Kama weye unasema inafaa, basi inafaa."

Maneno hayo yaliniunguza kuliko moto wa kuchomelea. Nikamweleza yote, hata habari za Furaha. Aliketi juu ya tairi. Akasema neno moja tu: "Ikate."

Nilikata, nikanyoosha, nikatengeneza jingine, jepesi, la bolti nne. Siku ya harusi ya Bahati na Furaha walipita bila paa. Sitakudanganya, wivu haukuisha. Bahati naye alinisalimia kwa mbali miaka miwili kabla ya kunirudia kama zamani.

Basi, mwanangu, akikuomba shauri mtu mwenye kitu unachokitamani, jiulize: kingekuwa changu, ningefanya nini? Mwambie hilohilo. Na wivu ukikubana, utaje mbele ya mtu mzima. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mungu akupe mikono safi, akupe chako cha kukufurahisha, na cha mwenzako akujalie kukitazama bila kuumia.