Mtoto wa Stesheni ya Igalula

Bi Zuwena wa Mtendeni ana mdomo, na mjukuu wake Yasmini aliuonja kila siku. Bibi kumtania mjukuu si kosa. Tabora nzima tumekua tukiitwa na bibi zetu wake wenza au waume, na hakuna aliyenuna. Ila huyu alikuwa na utani mmoja alioupenda kupita yote. Yasmini akimwaga uji au akigoma kuoga, aliambiwa: "Wewe nilikuokota stesheni ya Igalula, treni ilikuacha."

Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka alipoachwa na mama yake, Batuli, aliyekwenda Kaliua kujaribu biashara ya nguo. Biashara ikakubali, ndoa ikapatikana, na kuja nyumbani kukawa kwa nadra. Bi Zuwena akalea, akafua, akauguza. Jina la Batuli halikutajwa sana mle ndani.

Mwezi uliopita Batuli alikuja na mumewe, Adinani, kumchukua mtoto aanze shule. Bi Zuwena alipika pilau, akamvalisha Yasmini gauni la Idi, akamwambia amsalimie mama yake. Mtoto akatoa shikamoo vizuri, akaenda kukaa mbali. Batuli alipomvuta ampakate, akajitoa mikononi.

"Wewe si mama yangu," alisema kwa adabu kabisa. "Mimi niliokotwa stesheni Igalula. Muulize bibi."

Adinani akainamia sahani yake. Batuli, machozi yakimlengalenga, akamuuliza mama yake taratibu kama hayo ndiyo anayofundishwa mtoto. Bi Zuwena, ambaye sokoni wauza dagaa humkimbia kwa maneno, alikosa pa kuuweka uso. Mkwe yupo, chakula kinapoa, na yeye anababaika. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Akajitetea kwamba ni utani tu, kila bibi husema hivyo.

Basi akamgeukia mtoto, akamshika mabega. "Mke mwenzangu, nilikuwa nakutania. Huyu ndiye mama aliyekuzaa."

Yasmini akamkazia macho.

"Mbona ulikuwa hucheki, bibi?"

Bi Zuwena alikusanya sahani ambazo bado zilikuwa na pilau, akaenda nazo uani.