Picha Niliyompelekea Mama Lundo

Ofisini Mbinga naandika mihtasari ya vikao, na nasifiwa kwa kutokosea majina.

Mama alikuja kumwogesha binti yangu Tumaini mwezi wake wa kwanza, kisha akarudi Lundo. Simu yake ni kitochi, kwa hiyo kila nikimpigia aliomba picha ya kutundika ukutani. Mimi nilikuwa na picha mia saba kwenye simu na sikuwa nimesafisha hata moja.

Hatimaye nikaenda studio, nikachagua moja ya siku ya ubatizo, gauni jeupe na macho maangavu. Nikaitia fremu na kuituma kwa basi. Mama alishukuru. Nikatamba kazini.

Jumapili iliyopita tulimpeleka Tumaini kwa bibi yake. Mke wangu aliitazama ile fremu kwa muda mrefu.

“Baba Tumaini, huyu ni mtoto wa jirani. Walibatizwa pamoja.”

Nilimgeukia mama. Alikuwa amempakata Tumaini, anamgusa kidevu.

“Nilijua siku ile ile, mwanangu. Wa kwetu ana kishimo hapa. Lakini ukuta ulikaa mtupu miezi minane, nikaona nimsalimie huyu kila asubuhi, labda atamfikishia mwenzake.”