Sarafu Nilizozisugua kwa Majivu

Mume wangu alikuwa akikusanya sarafu: ngwee za Zambia, tambala za Malawi, na senti za zamani za Afrika Mashariki zenye tundu katikati. Alipofariki, niliona ziuzwe nipate saruji ya kujengea kaburi lake. Kwetu Njombe hatupeleki chombo kichafu kwa watu, kwa hiyo nilizisugua zote kwa majivu mpaka zikang'aa. Nikapanda gari hadi Makambako kwa mnunuzi wa vitu vya kale, nikamweleza shida yangu.

Alizitazama, akashika kichwa. "Mama, umezisugua?"

"Kwa majivu. Mara mbili."

"Basi umesugua mpaka bei imetoka. Wanaozikusanya hulipia ile rangi ya uzee. Ngwee hizi hata kwao Zambia hazinunui chumvi."

"Na hizi zenye tundu?"

"Hizo ungeniletea chafu, ungeondoka na hela ya saruji."

Nilirudi nazo, nikicheka peke yangu njia nzima. Marehemu alizoea kuniambia, "Wewe mke wangu, hata mwezi ukishuka utausugua."

Kaburi lake bado ni la udongo. Nalipalilia kila Jumamosi, na siachi hata jani moja.