Bi Bomba Agoma Kusema Uongo

Majirani walimwita Bi Bomba, na hata mumewe akaishia kumwita hivyo hivyo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiyasafisha maji ya mji mzima. Alfajiri hupanda ngazi ya chuma mtamboni, huchota maji ya mto kwa glasi, huyatazama dirishani, kisha huamua kiasi cha shabu cha kutia ili uchafu utuame. Enzi hizo shabu kidogo tu ilitosha. Maji yalishuka kutoka msituni yakiwa karibu ya kunyweka.

Kisha msitu wa mlimani ukauzwa. Miezi minane malori yalipita mbele ya mtambo na magogo yasiyokumbatika na watu watatu. Mvua kubwa ya kwanza ikaleta tope tupu. Machujio yakaziba. Bi Bomba alichota kwa koleo mchanga wa machujio uliojaa tope mpaka viganja vikatoka malengelenge, na shukrani aliyoipata sokoni ilikuwa chupa ya maji ya kahawia, mama mmoja akimsogezea puani.

"Haya ndiyo mnayotunywesha? Mwanangu anaharisha siku ya nne!"

Alirudi nyumbani akalala bila kula.

Kesho yake meneja akamwita ofisini.

"Dada, wanakuja watu wa redio. Waambie mabomba yamezeeka."

"Mabomba yana kosa gani, bosi?"

"Basi ongeza shabu."

"Niongeze mpaka watu watafune shabu? Msitu ndio uliokuwa chujio letu! Mizizi ilishika udongo, ardhi ikainywa mvua polepole, ikatugawia hata kiangazi. Miti ile inapumua mvuke, unakuwa wingu, unakwenda kunyesha kwa watu wasiotujua. Hewa chafu inayoipasha dunia joto imefungiwa mle kwenye mashina. Nyie mmeona mbao tu!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi!"

Redioni alisema yote, akamtaja na aliyetia saini kibali cha kukata miti kwenye chanzo cha maji: meneja huyo huyo, na wakubwa wake. Jioni watu walipanda mlimani kujionea. Walikuta nusu ya msitu ni visiki na udongo mwekundu uliochanika makorongo. Asubuhi wakakaa barabarani mbele ya malori, yule mama wa sokoni akiwa mstari wa mbele, mtoto mgongoni. Siku ya tatu kibali kikafutwa. Nusu ya msitu ikapona.

Bi Bomba akahamishiwa stoo, akapange koki na gundi.

"Unajuta?" mumewe alimuuliza.

"Najuta nilivyokuwa nawapungia mkono wale madereva. Miezi minane, mume wangu! Nimeona kwa macho yangu, nikanyamaza."

Kiangazi hiki mto umekonda, maji yanatoka siku mbili kwa wiki. Meneja bado ni meneja. Akipita stoo humsalimia kwa bashasha, "Habari za kazi, dada?" Bi Bomba humpa mgongo, akiendelea kupanga koki zake kwa kishindo.