Gurudumu la Mshonaji

Asubuhi ya mwisho kabla ya kwenda hospitali asirudi, mshonaji alijifunga leso kiunoni, akalitia mafuta gurudumu la baiskeli alilolining'iniza vyuma ukingoni, akalisukuma kwa kidole kimoja. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kukanyaga cherehani hapo Majengo, Nyeri, tangu mwaka wa Uhuru. Alitaka gurudumu lizunguke lenyewe bila kukoma, liendeshe cherehani, yeye asiache kushona. Mumewe, kikombe cha chai mkononi, alihesabu mizunguko kama kila siku. Arobaini na mbili, likasimama.

"Mama, hata punda hulala," akamtania.

Alilamba uzi, akautunga sindanoni bila kumtazama.

"Limesimama, ndiyo. Lakini leo limechelewa kusimama."