Raya na Mama wa Choma

"Usininyoe! Mama yangu anashuka Ijumaa kunisuka. Akikuta kipara atasema mnanionea!"

"Mama yupi?" nilimuuliza Raya, mashine ya kunyolea mkononi. "Huyo wa kijiji cha Choma, ambaye hata mbwa wa getini hajawahi kumbwekea?"

"Ana kazi! Anavuna karoti huko mlimani!"

"Na mimi hapa nacheza?"

Nikamnyoa. Kwenye kituo chetu cha watoto, hapa chini ya mlima, kila mwisho wa mwezi vichwa vyote vinapita kwenye mashine, wa kike kwa wa kiume, maana walezi tuko wawili tu na chawa hawana huruma. Tangu siku hiyo Raya akaninyima shikamoo. Mtoto wa miaka minane! Ananipita mlangoni kama anapita ndoo.

"Nakudai shikamoo," nikamwambia.

"Nimempa mama."

Aliletwa kwetu akiwa anajifunza kutembea. Jumapili za wageni wenzake wanaitwa getini. Yeye hajaitwa hata na aliyekosea mtoto. Basi akajitengenezea wake. Anakaa kwenye ngazi ya jikoni, kichwa kinang'aa, anakilaza kwenye magoti yasiyokuwepo: "Taratibu, mama, hapo pana kidonda. Nisuke twende kilioni." Akimaliza anajikung'uta mabegani, eti nywele zimemwagika.

Nicheke? Nilishikwa na wivu mpaka mchuzi ukaungua. Mashuka anayokojolea nafua mimi, uji nampozea mimi, sifa zinapanda mlimani. "Usiku mama alinifunika blanketi." Alikufunika nani, we mtoto? Niliamka mimi! Mwanamke hana sura, hana jina, na bado ananishinda.

Jumapili moja mwanamke wa kweli akashuka kutoka Choma na tenga la karoti kichwani, akapita jikoni kwetu kuuza. Kabla sijauliza bei, Raya alishakaa miguuni pake, kichwa kimeinama, anangoja.

"Huyu vipi?" yule mama akacheka. "Kipara chote hiki nisuke nini, mwanangu?" Akajitwisha tenga lake, akaenda zake.

Nilidhani nitafurahi. Raya hakulia. Ila ile ngazi ikabaki tupu, leo, kesho, na mimi nasonga ugali huku nimetega sikio, nisikie tena mtu akisema taratibu, mama.

Siku ya kunyoa ilipofika nikamruka. Mlezi mwenzangu, Winfrida, akauliza, "Na huyu mwenye kichaka?"

"Huyo niachie. Chawa wake nitawatafuta kwa mikono."

Nywele ziliposhikika, nikakaa kwenye ngazi na kitana, nikamwita. Akaja anajivuta, akakaa mbali na magoti yangu. Nikamsogeza, nikaanza.

"Unaniumiza! Mama wa Choma havuti hivi."

Wivu ukanipanda palepale. "Basi mwite aje amalizie."

Nikasuka mistari miwili mizima. Kisha nikasikia kichwa kimekuwa kizito, kimelala kwenye goti langu.

"Amesema umalizie wewe. Karoti zimemzidi."

"Mwambie nimesikia."

"Shikamoo, mama."

"Ya leo, au lile deni?"

"Zote."

"Marahaba," nikasema. "Marahaba. Haya, inama nifike kisogoni."